Wanataka kuja kumchukua mwanangu saa kumi alfajiri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, nyumbani Moshi, sasa naishi Texas na mume wangu na watoto watatu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, akitoka leo anaweza kurudi baada ya wiki mbili.

Kifungua mimba wetu, nimwite K., ana miaka 15. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka miwili, nikaja huku kumfuata baba yake. Tulidhani ni mwaka mmoja tu, karatasi zikachukua saba. Alipokuja akiwa na miaka tisa hakulia wala hakusumbua. Walimu walimsifia adabu mpaka nikawa najivuna kanisani. Wadogo zake wawili wamezaliwa hapa.

Tangu mwaka jana simtambui. Asubuhi ananiaga anakwenda shule, mimi ndiyo kwanza nimetoka kazini najilaza, kumbe anazunguka na kurudi kwa mlango wa nyuma. Nimemkuta na sigara ya umeme, baadaye bangi, na mwezi uliopita nikakuta vidonge vya bluu ndani ya soksi. Alisema ni vya rafiki yake. Usiku mbili alilala nje, sijui wapi. Baba yake aliporudi safari alimchapa mkanda. K. hakukimbia. Alimtazama, akamwambia kwa Kiingereza: wewe si baba yangu, wewe ni mtu niliyekutana naye uwanja wa ndege. Na kwenye daftari lake la hesabu nilisoma ameandika kwamba siku akiondoka, hapa nyumbani hakuna atakayegundua mpaka wiki iishe.

Mama mmoja wa kanisani alitupa namba ya kambi ya Kikristo iliyoko milimani, jimbo jingine. Vijana wanakaa porini wiki kumi. Wanatembea na mizigo mgongoni, wanalala chini ya turubai, wanawasha moto kwa kupekecha vijiti, wanasoma Biblia asubuhi na jioni, na hakuna simu. Bwana niliyezungumza naye ana sauti ya upole, aliniombea kwenye simu nikalia. Bei ni dola 480 kwa siku, na bima yetu hailipi. Mume wangu anasema tuuze kiwanja chetu cha Kibaha. Anasema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba Mungu mwenyewe aliwafunza watu wake nyikani: Musa, Eliya, hata Bwana Yesu.

Kinachonikosesha raha ni hiki. Wametushauri tusimwambie K. chochote. Watatuma wanaume wawili saa kumi alfajiri, wamwamshe na kuondoka naye, na hao wana malipo yao mbali. Sisi tusubiri chumba kingine. Wakasema pia kwamba akituandikia barua kuwa anateseka tusimwamini, kwani ni ujanja wa watoto wa namna hii. Kianzio wanakitaka Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mtoto mwingine.

Kwa daktari hatujampeleka. Mume wangu anaogopa serikali itatunyang'anya watoto kwa sababu ya ule mkanda. Mama yangu anapiga simu kila Jumapili kumtafuta mjukuu wake, nami namdanganya kwamba yuko kwenye mpira.

Shangazi, nimpeleke au nisimpeleke? Na mama nimwambie nini?

Mama K., Texas


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama K. Usilipe hiyo Ijumaa. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo lenye saa, mengine tutayazungumza taratibu. Anayeuza tiba ya mtoto kwa tarehe ya mwisho anajua kwamba hofu ya mzazi hupungua akipata usingizi, na hataki uupate. Huenda bwana yule ni mcha Mungu kweli. Maombi yake siyapimi mimi. Ninachokipima ni Ijumaa yake.

Jina la kambi nimelitoa kwenye barua yako. Sina ugomvi nao, na nitakayoyasema yanahusu kambi za aina hiyo kwa jumla. Lakini kwanza tumtazame mtoto.

Ulipoondoka, K. alikuwa na miaka miwili, hakuna aliyeweza kumweleza akaelewa. Bibi yake akawa mama. Miaka saba baadaye akatolewa kwa bibi, akapandishwa ndege, akashuka kwa watu wawili anaowajua kwa picha na sauti ya simu. Sikulaumu kwa hilo. Familia nyingi zimepita hapo, na karatasi za uhamiaji hazina huruma. Lakini unaandika kwamba alipofika hakulia wala hakusumbua, ukaona ni adabu. Mimi namwona mtoto aliyejihesabu mgeni katika nyumba ya watu, akajichunga kwa miaka asije akarudishwa. Maneno aliyomwambia baba yake ni makali, ila si uongo. Kwa K. ndivyo ilivyokuwa: walikutana uwanja wa ndege.

Sasa mnataka aamshwe usiku na wanaume asiowajua, wamshike huku na huku, na ninyi mko chumba cha pili mkisikia. Hata kambi hiyo ingekuwa bora kuliko zote Marekani, angefika huko akiwa na hakika ya jambo moja alilolihofia tangu utotoni. Hakuna Biblia ya asubuhi na jioni itakayoling'oa upesi. Kama unatafuta jibu langu kwa neno moja, basi ni hapana, na sababu yake ni hii kabla ya zote zinazofuata.

Usidhani napinga pori. Jambo hili lilianza vizuri. Mwaka 1941 mwalimu Kurt Hahn, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alishiriki kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ili mabaharia vijana wajifunze kustahimili meli zao zikizamishwa vitani. Mfumo huo ulifika hadi kwenu: Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima wenu, vijana walifunzwa hivyo na kupandishwa Kilimanjaro. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah, ambacho ni cha kanisa la Wamormoni, kilianza kuwapeleka jangwani wanafunzi waliofeli, waishi kwa mwezi na vitu vichache, kisha wapewe nafasi nyingine ya masomo. Ona tofauti yao na mnachotaka kufanya. Wale walijua wanakokwenda, na walikwenda kwa miguu yao.

Miaka ya 1980 kikaingia kitu kingine, biashara ya kuwachukulia wazazi watoto waliowashinda. Utah ndiyo iliyokuwa kitovu. Mwaka 1990 binti wa miaka 16 alikufa huko kwa joto, akitembezwa jangwani siku chache tu baada ya kufika. Mwaka 1994, Utah hiyo hiyo, mvulana wa miaka 16 alikufa kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka. Alikuwa amelalamika maumivu kwa siku nyingi na kukonda mbele ya macho yao, na waliokuwa naye walisema anajifanya. Ukikumbuka uliyoambiwa kuhusu barua za K., utaona kwa nini nilisimama pale kwa muda mrefu. Mpango unaowafunza wazazi kutoamini kilio kabla mtoto hajalia umeuzima mlio wa hatari mapema. Mtoto mjanja na mtoto mgonjwa wataandika barua ileile.

Utasema hayo ni ya zamani. Oktoba 2007 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilitoa taarifa kuhusu kambi na nyumba za namna hii nchi nzima. Ilikuta maelfu ya madai ya ukatili, mengine ya vifo. Kwa mwaka 2005 peke yake, majimbo 33 yaliripoti wafanyakazi 1,619 waliohusika katika matukio ya kudhulumu vijana kwenye nyumba za malezi na tiba. Kisha njoo karibu. Februari 2024, North Carolina, mtoto wa miaka 12 alikutwa amekufa asubuhi baada ya usiku wake wa kwanza kambini. Alifikishwa pale na wanaume wawili waliokodiwa. Alilazwa ndani ya kifuko kilichofungwa, chenye kengele ya kumshtua mlinzi akijaribu kutoka, na uchunguzi wa maiti ulisema alikosa hewa. Mwendesha mashtaka hakumshtaki mtu, ila jimbo liliifutia kambi hiyo leseni. Kwa hiyo leseni ilikuwepo. Desemba 2024 sheria ya taifa juu ya ukatili huu ikasainiwa, baada ya miaka ya kampeni ya Paris Hilton, nyota wa televisheni, na wengine waliopitia nyumba hizo ujanani. Kazi yake kubwa ni kuagiza uchunguzi. Haijafunga kambi hata moja.

Kambi za kidini zina jambo la ziada, na hapa mjuane na jimbo lenu. Texas ilikuwa na mhubiri wa redio, Lester Roloff wa Corpus Christi, aliyeendesha nyumba za vijana miaka ya 1970 na kukataa katakata leseni ya serikali. Alikuwa tayari kwenda jela, na alikwenda, kuliko kuwafungulia wakaguzi mlango. Hoja yake ilikuwa kwamba Kaisari hana mamlaka juu ya kazi ya Mungu. Mwaka 1997 Texas ilikubali nyumba za imani zisimamiwe na chombo chao wenyewe badala ya jimbo. Malalamiko yakarudi, na mwaka 2001 Bunge la jimbo likaiacha ruhusa hiyo ife. Florida tangu 1984 inaruhusu nyumba za Kikristo kusimamiwa na umoja wao. Missouri iliziacha bila hata orodha hadi 2021, ndipo ikadai zijiandikishe na wafanyakazi wachunguzwe rekodi za uhalifu. Neno "Kikristo" kwenye kipeperushi linaweza kukuambia watu hao wanasali. Linaweza pia kukuambia kwamba mkaguzi wa jimbo hana ruhusa ya kubisha hodi. Muulize bwana wa sauti ya upole ni lipi kati ya hayo, na jimbo gani, na namba ya leseni yao ni ipi, halafu upige simu kwenye jimbo hilo mwenyewe. Wazo kwamba kuuliza leseni ni kukosa imani silikubali. Hospitali za KKKT kule nyumbani zinakaguliwa, na Mungu hajakasirika.

Kwa haki niseme pia: wapo vijana waliotoka porini wakiwa wazima zaidi. Wiki kadhaa bila simu, kutembea, kulala giza linapoingia, mtu mzima mwenye subira anayekusikiliza kando ya moto, hayo yana nguvu. Tafiti zipo, ila nyingi zinategemea wazazi na vijana wenyewe kujieleza wakati wa kuondoka, bila kundi la kulinganisha. Kuna jambo ambalo kipeperushi hakiliandiki. Vijana wengi wakimaliza pori hawarudi nyumbani. Washauri wa kambi huwaambia wazazi kwamba kumrudisha sasa ni kupoteza yote, apelekwe kwanza shule ya bweni ya tiba, mwaka au zaidi, nayo ina bei yake. Dola 480 mara siku 70 ni dola 33,600, bila wale wanaume wawili. Kiwanja cha Kibaha kikishauzwa, mtaulizwa mna nini kingine.

Mume wako ametaja Maandiko, basi namjibu kwa Maandiko. Musa alikimbia mwenyewe. Yesu aliongozwa na Roho, alikuwa mtu mzima. Eliya naye alikwenda kwa miguu yake akitaka kufa, akalala chini ya mretemu, na kitu cha kwanza alichopewa na malaika kilikuwa mkate na maji, akalala tena. Asome sura ile, 1 Wafalme 19, aone jinsi maswali yalivyosubiri hadi mtu ameshiba na kupumzika. Kijana mmoja tu ndiye aliyepelekwa nyikani na ugomvi wa wakubwa: Ishmaeli, Mwanzo 21. Baba ndiye aliyewatoa, alfajiri, na mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha Hajiri alimlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali asimwone akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana, kisha akamwambia mama aondoke pale alipokaa, amwinue mtoto, amshike mkono. Mimi sijaona mahali Hajiri alipoambiwa asiamini kilio.

Na huyo samaki mbichi wa mume wako ana miaka 15. Kumkunja kwa nguvu sasa ni kumvunja.

Sasa ya kufanya, na hapa sitaki uchelewe, kwa sababu katika barua yako mambo mawili yananitisha kuliko utoro na bangi. La kwanza ni vidonge vya bluu. Marekani imejaa vidonge bandia vya bluu vinavyofanana na dawa halali ya maumivu, ndani yake ni fentanili, dawa ya kulevya kali mno, na kimoja tu kinaweza kumuua mtoto. Leo hii nenda duka la dawa ununue Narcan, dawa ya kupuliza puani inayomwamsha aliyezidiwa na fentanili. Tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari. Wewe unafanya kazi na wagonjwa, utajifunza kuitumia kwa dakika tano. Iweke mahali wote wanapajua, K. akiwemo, na umwambie ni kwa ajili ya uhai wake, si kumtega. Ukimkuta hapumui vizuri, puliza na upige 911 papo hapo.

La pili ni yale maneno ya daftarini. Kaa naye, gari likiwa limesimama ni mahali pazuri kwa kuwa hamtazamani usoni, umwulize wazi: K., unafikiria kujiua? Ulize hivyo hivyo. Kuuliza hakumpi mtoto wazo, na wengi hushukuru kwamba mtu amelitamka. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutia baridi, usimwache peke yake usiku huo, upige 988, namba ya msaada inayofanya kazi saa zote, au mwende chumba cha dharura. Mpo Texas, kwa hiyo nauliza na hili: ndani ya nyumba kuna bastola? Kama ipo, itoke au ifungiwe, risasi mbali nayo. Na dawa zenu zote zifungiwe kabatini.

Kisha daktari wa watoto, wiki hii. Mwambie aliyepokea simu kwamba kijana ana dalili za sonona na anatumia vidonge, utapewa nafasi mapema kuliko ukisema "hatulii shuleni". Omba apewe rufaa kwa mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili wa vijana. Uliza kama kaunti yenu ina huduma ya kuja nyumbani, inayofanya kazi na familia nzima. Kuna mfumo uitwao Multisystemic Therapy, ambao mtaalamu anakuja kwenu mara kadhaa kwa wiki kwa miezi michache na kupatikana hata usiku, na umefanyiwa utafiti mwingi kwa vijana kama K. Kama watoto wako kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, sheria inataka walio chini ya miaka 21 wapewe huduma za afya ya akili zinazohitajika kitabibu. Shuleni nako omba kwa maandishi mkutano na mshauri wa wanafunzi. Ukiomba kwa mdomo kwenye korido hawatakumbuka.

Kuhusu mkanda na hofu ya baba. Sitamdanganya. Texas kila mtu anayeshuku mtoto anadhulumiwa anatakiwa na sheria kuripoti, na daktari akiona alama mwilini atauliza. Lakini mtoto anayejidhuru kimyakimya nyumbani ni hatari kubwa kuliko maswali hayo, hata mbele ya serikali, na mzazi aliyemleta mtoto mwenyewe kutafuta tiba husimama mahali pazuri. Mkanda ukome, na baba amwambie K. kwamba umekoma. Kwa baba Mchaga wa umri wake najua hilo ni zito kuliko kiwanja. Na alifanye kwa Kiswahili, kwa sauti yake, asimtume mama.

Sasa fedha. Kama mko tayari kuuza ardhi kwa dola elfu thelathini na zaidi, nunueni muda. Sheria ya likizo ya familia ya Marekani, FMLA ya 1993, inamruhusu mfanyakazi aliyetimiza mwaka, kwenye ajira yenye watu 50 au zaidi na kwa saa zinazotakiwa, kuchukua hadi wiki 12 bila mshahara kumuuguza mtoto mwenye tatizo kubwa la afya, la akili likiwemo, na kazi yake ikamsubiri. Wiki 12 ni ndefu kuliko wiki kumi za porini. Fedha hiyo ingefidia mshahara wako wote wa kipindi hicho na baki ingebaki. Mkiona ni kubwa mno, basi omba zamu ya mchana hata kama inalipa pungufu. Mtoto anaandika kwamba hakuna atakayegundua mpaka wiki iishe, na ukiitazama ratiba yenu, Mama K., amepiga hesabu sawasawa. Baba wiki mbili barabarani, mama usiku kazini, mchana usingizini.

Na kama mume wako bado moyo wake uko nyikani, ampeleke yeye. Texas ina Big Bend, mbuga ya taifa tangu 1944, jangwa, milima na mto Rio Grande ukipita chini, na usiku nyota kama za kwetu kabla ya umeme. Siku tatu nne, baba na mwana, hema moja. Waende msimu wa baridi au masika ya mapema, kwani kiangazi joto la huko linaua, na wabebe maji kuliko wanavyodhani yanatosha. Asimhubirie. Ampikie, amsimulie alivyokuwa anaishi Marekani miaka ile K. akiwa kwa bibi, alikuwa analala wapi, alikuwa anakula nini. Nina hakika K. hajawahi kuambiwa. Wafanye hivyo baada ya daktari kumwona na kusema yuko salama kusafiri, si kabla.

Huko mbele, madaktari wenu wakija kusema kambi ya pori inamfaa, sitakupinga, lakini iwe kwa masharti yenu. K. aambiwe mapema, aione, aulize maswali, na mmpeleke wenyewe. Muwe na jina la mtaalamu mwenye leseni atakayemhudumia, na leseni hiyo mhakikishe kwa jimbo. Apimwe na daktari kabla ya kwenda. Azungumze nanyi kwa simu kila wiki bila mtu kusikiliza, na akisema anaumwa, daktari amwone siku hiyo hiyo. Kambi ikikataa simu hiyo ya wiki, mazungumzo yaishie hapo, hata wakikuombea mpaka machozi.

Imebaki habari ya bibi, nawe umeiweka mwisho kama kijambo kidogo. Mama yako ndiye aliyemlea mtoto huyu miaka saba, na kwa mwaka mzima unamfungia simu. Najua ni aibu tu. Umeondoka nyumbani kwa sifa, huwezi kusema mtoto aliyekukabidhi amekushinda. Mpigie ukitoka kazini saa moja asubuhi, Moshi itakuwa saa tisa alasiri, au saa kumi wakati wa baridi yenu. K. asiwepo. Mweleze yote, vidonge, mkanda na daftari, na umwombe asimgombeze mtoto wala asimwite msaliti wa ukoo. Umwulize pia ni kitu gani kilikuwa kinamtuliza K. alipokuwa mdogo, kwa sababu yeye anakijua na wewe hukuwepo. Kisha Jumapili akipiga, mpe K. simu, utoke chumbani, na baadaye usimwulize walizungumza nini.